Majina Yaliyokwaruzwa Ndani ya Saa

Fungua mlango wa saa ndefu ya mbao iliyoundwa Uingereza miaka ya 1700, toa mtambo wake, kisha geuza bamba la nyuma lielekee mwanga wa dirisha. Mbele, kwenye uso wa saa, kuna jina moja lililochongwa kwa madaha, nalo ni jina la aliyeiunda au aliyeiuza. Nyuma, mahali ambapo macho ya mwenye nyumba hayafiki, mara nyingi utakuta mengine: herufi mbili tatu, mwezi, mwaka, vyote vimekwaruzwa kwa ncha ya sindano. Hao ni mafundi walioifungua saa ile, wakaisafisha na kuifunga, kila mmoja kwa zamu yake, babu kwa mjukuu, bila kuonana.

Historia ya saa imezoea kusimulia jina la mbele, ndiyo maana tunawajua wavumbuzi. Lakini hakuna saa ya miaka 300 inayokwenda leo kwa mkono wa muundaji wake peke yake. Shaba inalika, mafuta yanaganda, springi inachoka, chuma kinashika kutu. Saa iliyo hai leo iliokolewa mara kumi au ishirini na watu ambao hawakuvumbua chochote. Makala haya yanawafuata hao.

Saa na mlezi wake

Binadamu alipima wakati kwa kivuli na kwa maji kabla ya kuupima kwa meno ya chuma. Huko Kaifeng, China, mwishoni mwa karne ya 11, Su Song alisimamisha mnara wa saa ulioendeshwa na maji. Mwaka 1206 al-Jazari, fundi wa watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha mitambo chenye saa za maji za kustaajabisha, mojawapo ikiwa na umbo la tembo. Hakuishia kusifu mitambo hiyo. Alieleza namna ya kuunda kila kipande ili mwingine aweze kuirudia kazi, na hilo ndilo hitaji la kwanza la kila mrekebishaji.

Saa ya magurudumu iliibuka Ulaya mwishoni mwa karne ya 13. Uzito mzito uliofungwa kwa kamba ulivuta gurudumu, na gurudumu likazungusha lingine. Shida ilikuwa kuuzuia ule uzito usishuke kwa kishindo. Jibu lilikuwa kifaa cha kuzuia na kuachia, kuzuia na kuachia, jino moja baada ya jingine. Kitaalamu huitwa eskepimenti, na mlio wake ndio ule “ti-ta, ti-ta” tunaousikia. Saa hizo za mwanzo zilifuliwa na wahunzi, na kukosea robo saa kwa siku halikuwa jambo la ajabu. Kwa hiyo kila saa ya mnara ilihitaji mtu wa kupanda ngazi, kuvuta uzito juu, kutia mafuta na kuirekebisha kwa kulitazama jua. Saa na mlezi wake walizaliwa siku moja.

Mlezi alipokosekana, hata maajabu yalikufa. Mwaka 1364, katika mji wa Padua, Giovanni de' Dondi alimaliza saa iliyoonyesha mienendo ya jua, mwezi na sayari zilizojulikana wakati wake. Ilimchukua miaka 16. Baada ya kifo chake walioweza kuiendesha walikuwa wachache, na katika karne ya 16 ilikuwa imechakaa kiasi cha kutofaa tena. Hatimaye ikatoweka kabisa. Hata hivyo Dondi aliacha maandishi na michoro, na kwa kuyafuata hayo mafundi wa karne ya 20 waliweza kuiunda upya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Saa ya Dondi ilipotea, daftari likairudisha.

Pendulo na majuto yake

Inaandikwa kwamba siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1656, Mholanzi Christiaan Huygens alipata namna ya kuiongoza saa kwa pendulo, yaani uzito unaoning'inia na kuyumba kwa mwendo sawa. Mwaka uliofuata fundi Salomon Coster wa The Hague akaanza kuziunda. Makosa ya robo saa kwa siku yakashuka hadi sekunde chache. Kuanzia hapo muundaji wa saa alijua kwamba pendulo yenye urefu wa karibu milimita 994 huyumba upande mmoja kwa sekunde moja kamili, na saa ndefu za mbao zikajengwa kuizunguka pendulo hiyo.

Ila kila uvumbuzi mkubwa huleta wimbi la ukarabati, na wimbi hili lilisomba mengi. Wenye saa za zamani walitaka nao wapate pendulo. Mafundi wa Ulaya nzima wakazifungua saa nzima nzima, wakang'oa eskepimenti za awali na kupachika mpya. Hawakuwa waharibifu. Kwao saa ilikuwa chombo cha kazi, na chombo cha kazi huboreshwa. Matokeo yake ni kwamba saa za kabla ya mwaka 1657 zilizobaki na kiini chake cha asili ni adimu sana leo.

Tazama saa ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza. Ni fremu ya chuma kilichofuliwa, haina uso wala mishale, kazi yake ni kugonga kengele kila saa. Wengi huihesabu kuwa ya mwaka 1386 hivi, ingawa wapo wataalamu wanaobishana juu ya tarehe hiyo. Ilitiwa pendulo katika karne ya 17. Mwaka 1884 ikawekwa kando kwa ajili ya saa mpya, ikasahaulika juu mnarani hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, ilipoonwa na kutambuliwa thamani yake. Mwaka 1956 warekebishaji waliondoa pendulo wakaiundia upya eskepimenti ya mtindo wa kale, kwa kufuata alama zilizobaki kwenye chuma.

Walifanya vyema? Tangu wakati ule warekebishaji wamejiuliza swali hilo. Kipande kilichowekwa mwaka 1956 kinamwonyesha mgeni namna saa za karne ya 14 zilivyokwenda. Lakini ile pendulo nayo ilikuwa imekaa humo kwa zaidi ya miaka 250, na ilikuwa sehemu ya maisha ya saa hiyo. Ukiirudisha saa kwenye siku yake ya kwanza, unazifuta siku zake nyingine zote. Siku hizi fundi makini hapendi kuondoa kitu ambacho hawezi kukirudisha. Akilazimika kuweka kipande kipya hukitia alama, na kile cha zamani hukifunga ndani ya bahasha na kukihifadhi pamoja na saa.

Mezani pa fundi

Kufungua saa ya kale na kuisafisha yote ni kazi yenye taratibu zake, na kwa anayeiangalia kwa karibu haraka haraka haina baraka kweli kweli. Fundi huanza kwa kuondoa pendulo na uzito. Kama saa ni ya springi, kwanza huilegeza springi pole pole, meno kwa meno, akiushika ufunguo kwa nguvu. Springi iliyojazwa ikifyatuka hung'oa meno ya magurudumu na kukata vidole. Kisha huchora au kupiga picha kila hatua. Mishale, uso, skrubu, kila kimoja hupewa kisahani chake, kwa sababu katika saa za zamani skrubu zilitengenezwa kwa mkono na skrubu ya tundu hili haiingii tundu lile.

Magurudumu yakiisha kutoka, jicho linakwenda kwenye ncha za mihimili na matundu yake. Hapo ndipo ugonjwa wa saa nyingi ulipo. Mtu angedhani shaba, iliyo laini, ndiyo italika na chuma cha pua kitasalimika. Mara nyingi huwa kinyume: vumbi kali hunata ndani ya shaba, shaba inageuka kuwa kama msasa, na msasa huo unakikata chuma. Ncha inapata mfereji, tundu lililokuwa duara linakuwa kama yai, magurudumu yanaachana kidogo, na saa inasimama. Mwenyewe husema imechoka, kumbe imekula mchanga.

Dawa ni kulipanua tundu kwa uangalifu, kuingiza bushi ya shaba iliyokerezwa kwa kipimo, na kuing'arisha ncha hadi iteleze. Fundi mvivu wa zamani hakufanya hivyo. Alichukua nyundo na msumari, akapiga vishimo kuzunguka tundu ili shaba ijisogeze na kubana. Saa ilikwenda mwaka mmoja au miwili, na vishimo vile vipo hadi leo, ushahidi usiofutika. Wengine waliunga kwa lehemu mahali palipotaka skrubu, au walisugua shaba kwa tupa mpaka michoro ya muundaji ikatoweka. Kila anayeifungua saa baada yao anazisoma kazi zao kama barua.

Matundu husafishwa kwa njiti ya mti iliyochongwa, ikizungushwa ndani na kuchongwa tena hadi itoke nyeupe. Baadaye mafuta, tone dogo kuliko kichwa cha sindano, kwenye ncha za mihimili na sehemu zinazosuguana kwenye eskepimenti. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta hata kidogo. Mafuta kwenye meno hukusanya vumbi, na vumbi ndilo adui tuliyekwisha mtaja. Hatimaye saa hutundikwa, na fundi hukaa kimya kuisikiliza. Mlio wa “ti” na wa “ta” lazima uachane kwa nafasi sawa. Ukichechemea, saa itasimama, hata kama kila kipande ni kizima.

Harrison na mtu aliyeziokoa saa zake

Hadithi kubwa kuliko zote za ukarabati ilianza kwa fundi seremala. John Harrison, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1693, aliunda saa ambazo magurudumu yake yalikuwa ya mbao. Sehemu zilizosuguana alizitengeneza kwa mti uitwao lignum vitae, ambao hutoa mafuta yake wenyewe. Alijua kwamba mafuta yanayoganda ndiyo yanayoziua saa, akaamua kuyakwepa. Saa yake ya mnara huko Brocklesby Park, iliyowekwa miaka ya 1720, ingali inakwenda.

Mwaka 1714 Bunge la Uingereza lilikuwa limeahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua longitudo baharini. Harrison alilijibu swali hilo kwa saa isiyopoteza wakati melini; ya kwanza, H1, aliikamilisha mwaka 1735. Ilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi. Zikafuata H2 na H3, na hiyo ya tatu peke yake ilimla miaka 19. Kisha ikaja H4, iliyofanana na saa kubwa ya mfukoni. Katika safari ya kwenda Jamaica iliyoanza mwaka 1761, H4 ilichelewa kwa sekunde 5 tu baada ya siku 81.

Jina la Harrison likaingia vitabuni, na saa zake zikaingia stoo. Mwaka 1920 afisa wa jeshi la majini aliyeitwa Rupert Gould alizikuta katika kituo cha uangalizi wa nyota cha Greenwich, London, zikiwa zimepuuzwa, H1 imejaa kutu ya kijani. Gould hakuwa na mafunzo ya ufundi saa. Aliomba ruhusa ya kuzisafisha, akaanza kuzifungua moja moja, akichora kila kipande na kuandika kila alichokifanya katika madaftari 18. Baadhi ya vipande havikuwepo, na ilimbidi akisie nia ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 140 kabla yake. Kazi hiyo ilimchukua hadi mwaka 1933, H1 ilipokwenda tena. Wageni wanaosimama Greenwich leo kuitazama ikiyumba wanamsifu Harrison, na ni haki yake. Bila Gould wangetazama bonge la shaba iliyooza.

Saa za kiwanda, saa za betri

Wakati Ulaya ingali inaunda saa moja moja, huko Connecticut, Marekani, Eli Terry alikubali mwanzoni mwa miaka ya 1800 kutengeneza mitambo 4,000 ya saa za mbao kwa mkataba mmoja. Alitumia mashine na vipande vinavyoweza kubadilishana. Saa ikashuka bei, ikaingia kwenye nyumba za watu wa kawaida. Ukarabati nao ukabadilika. Jino likivunjika, fundi hakulazimika tena kulichonga, angeweza kuagiza gurudumu zima.

Pigo kubwa lilikuja tarehe 25 Desemba 1969, Krismasi nyingine, kampuni ya Seiko ya Japani ilipoanza kuuza Astron, saa ya mkono ya kwatzi iliyotumia betri. Huko Uswisi, ambako mwaka 1970 watu kama 90,000 waliishi kwa kazi ya saa, walibaki karibu 30,000 kabla ya miaka ya 1980 kwisha. Vibanda vya mafundi saa vilifungwa katika miji mingi ya dunia. Waliobaki walijifunza kubadilisha betri na mikanda.

Saa nyingi za kale zikapata ajali mpya. Mtu anarithi saa ya ukutani ya babu iliyosimama, anaipeleka kwa fundi, fundi anautoa mtambo wa shaba, anautupa, na badala yake anapachika kisanduku cha plastiki chenye betri. Saa inaonyesha wakati, lakini ni ganda tu.

Hata saa mashuhuri kuliko zote haikuepuka uchakavu. Saa ya Bunge la Uingereza, ambayo watu huijua kwa jina la kengele yake, Big Ben, ilianza kazi mwaka 1859. Mwendo wake hurekebishwa kwa senti za kizamani zinazowekwa juu ya pendulo: senti moja huiharakisha kwa sekunde 0.4 kwa siku. Usiku wa tarehe 5 Agosti 1976 chuma kilichochoka ndani yake kilikatika, na mtambo wa kengele ukajivunja vipande vipande. Matengenezo yalichukua miezi 9. Kati ya mwaka 2017 na 2022 ilifunguliwa yote, vipande zaidi ya 1,000, ikapelekwa kwa mafundi wa Cumbria na kurudishwa.

Paris nako, kuanzia mwaka 2005, kundi la watu waliojiita Untergunther waliingia kwa siri ndani ya jengo la Panthéon. Kwa karibu mwaka mzima, wakiongozwa na fundi saa Jean-Baptiste Viot, waliitengeneza saa ya karne ya 19 iliyokuwa imesimama tangu miaka ya 1960. Hawakulipwa. Walipouarifu uongozi, walishtakiwa, na mahakama ikaitupa kesi.

Saa ya pwani

Pwani yetu nayo ina saa zake na hesabu yake. Mswahili huhesabu masaa tangu jua kuchwa na tangu jua kuchomoza, na mwenye kusema saa moja asubuhi analitazama jua, haitazami saa ya Greenwich. Istanbul ya enzi za masultani nako siku ilianza magharibi, lakini huko jua huchwa kwa nyakati zilizoachana sana kati ya kiangazi na baridi, kwa hiyo saa zilihitaji kurekebishwa kila mara. Zanzibar, karibu na ikweta, tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja. Saa ya magurudumu na saa ya jua ziliweza kukaa nyumba moja kwa amani.

Na zilikaa. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, anasimulia jinsi saa zilivyokuwa miongoni mwa mapambo yaliyopendwa kwenye nyumba za wakubwa wa Unguja. Kaka yake, Sultani Barghash, alijenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za Uingereza zilipiga mizinga, katika vita visivyofika saa moja, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya majumba ukaharibiwa. Matengenezo yalipofanywa, Beit al-Ajaib ikapewa mnara wa saa usoni pake. Kwa zaidi ya karne moja mnara huo ulionekana na kila jahazi lililoingia Forodhani.

Mwaka 2012 sehemu ya jumba iliporomoka. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 2020, katikati ya Desemba, UNESCO iliuingiza ufundi wa saa za mitambo wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Siku chache baadaye, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Ndani ya mwezi mmoja dunia iliheshimu mikono inayotunza saa, na sisi tukaona kinachotokea mikono inapochelewa.

Msomaji, huenda nyumbani kwenu ipo saa ya ukutani iliyosimama siku aliyofariki bibi. Usimruhusu mtu autoe mtambo wake aweke betri. Usiipulizie mafuta ya pikipiki. Itundike pakavu, mbali na chumvi ya bahari, usiitie ufunguo kwa nguvu, na umtafute fundi saa aliyebaki mjini kwako maadamu yu hai. Mpe kijana wa kukaa naye mezani. Kazi ikiisha, mwombe aandike kwenye karatasi alichokifanya, jina lake na tarehe, na karatasi hiyo uiweke ndani ya sanduku la saa. Atakayeifungua baada ya miaka 50 atataka kujua.